Sababu za Motokaa Kuukuu Kukataliwa Katika Ukaguzi

Motokaa iliyotumika miaka mingi katika njia za Leparua, Kaunti ya Isiolo, hubeba mengi: wagonjwa waendao hospitali mjini, mbuzi waendao mnadani, magunia ya unga, na watoto wa shule. Ikikataliwa siku ya ukaguzi, hasara haimpati mwenyewe peke yake. Kwa hiyo yafaa watu wazijue sababu za kukataliwa, maana nyingi huweza kuondolewa mapema kwa gharama ndogo.

Sheria ya Trafiki ya Kenya hutaka magari ya abiria na ya biashara yakaguliwe kila mwaka, na kazi hiyo imo mikononi mwa mamlaka ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Desturi hii haiko Kenya tu. Uingereza ilipoanza kukagua motokaa za watu binafsi mwaka 1960, zilizotakiwa kwanza zilikuwa zile zilizotimiza miaka 10, na vilivyotazamwa ni breki, taa na usukani.

Mkaguzi haikatai motokaa kwa sababu ya wingi wa maili. Hutazama vitu vilivyochakaa. Lakini maili moja ya mawe na vumbi huchosha motokaa kuliko maili moja ya lami.

Jambo la kwanza ni breki. Vitambaa vyake huisha, mipira ya kupitisha mafuta hupasuka, na mafuta yenyewe, yakikaa muda mrefu, hunyonya unyevu hata yakachemka upesi katika mteremko. Breki ya mkono nayo husahauliwa, kwa kuwa waya wake hulegea kidogo kidogo.

La pili ni usukani na miguu ya motokaa. Vumbi huingia katika viungio na beringi likavisaga kama jiwe la kusagia. Spring huvunjika, na shokomzoba huvuja mafuta. Ndipo usukani huzungushwa kwanza bure kabla magurudumu hayajageuka.

La tatu ni matairi. Wengi hutazama kipara tu, lakini tairi lenye meno mazuri huweza kuwa limepasuka ubavuni kwa jua kali. Tairi lililolika upande mmoja huonyesha kwamba magurudumu hayakupangwa sawasawa.

La nne ni taa. Mtikisiko hulegeza nyaya, na mchanga hufifisha vioo vya taa. Kioo cha mbele kilichopasuliwa na jiwe huweza kumzuia dereva asione vema.

La tano ni chesisi. Mizigo ya kupita kiasi huifanya ipasuke, na kutu huila. Ufa wa chesisi uliofunikwa kwa rangi haukutengenezwa, umefichwa tu.

Moshi pia husema. Moshi mweusi huonyesha kwamba mafuta hayaungui yote, na mara nyingine sababu ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Moshi wa buluu ni dalili ya kwamba injini inaunguza oili.

Mwenye motokaa asingoje siku ya ukaguzi. Juma moja au mawili kabla yake, na aioshe vema hata chini, ili uvujaji uonekane. Kisha fundi ainue gurudumu la mbele na kuliegemeza imara, alishike juu na chini na kulitikisa: likicheza, mara nyingi beringi au kiungio kimelegea. Alishike tena kushoto na kulia: likicheza, vyuma vya usukani vitazamwe. Mtu mwingine akanyage breki na kuwasha kila taa, fundi akitazama kwa nyuma.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mpira wa breki ni kitu cha bei ndogo. Lakini ukipasuka mteremkoni, wanaolipa ni wote waliopanda.