Mtaala wa Shahada ya Usimamizi wa Mifumo ya Kompyuta: Mahitaji ya Kasulu na Kibondo

Makala hii inachunguza swali ambalo aghalabu huachiwa wahandisi peke yao: shahada ya msimamizi wa mifumo ya kompyuta ijengwe juu ya nini? Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinafundisha sayansi ya kompyuta, na wahitimu hutoka wakijua kuunda programu. Kuitunza mifumo ambayo imekwisha kuwekwa ni kazi nyingine, na wengi hujifunzia kazini.

Katika nyanda za juu za Kigoma kazi hiyo ni nzito. Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, hadi gridi ya taifa ilipofika katika miaka ya 2020. Wakati huohuo halmashauri hulipa kwa mfumo wa MUSE, na vituo vya afya huandikisha wagonjwa kwa GoT-HoMIS. Mfumo ukisimama, malipo na matibabu navyo hukwama.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Muuguzi akisema “mtandao hakuna,” huenda umeme umekatika, kebo imechomoka, njia ya kwenda nje ya wilaya imekufa, seva ya mbali haijibu, au nywila yake tu imekwisha muda. Kauli ni moja, hitilafu ni tano. Mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kumhoji mgonjwa kabla ya kumgusa. Mwanafunzi wa mifumo hana budi kufundishwa vivyo hivyo. Swali jepesi kama “Na mwenzako wa chumba cha pili amekwama?” laweza kumwondolea safari nzima. Isitoshe, katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, mtu wa Kivu husema “rezo” pale Mtanzania asemapo “mtandao”, na Mrundi huelewana na Muha bila ya Kiswahili.

Istilahi zilizopo hazitoshelezi haja hii. Programu ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, iliwapa watumiaji maneno ya skrini. Mtunzaji wa mashine hakupewa mengi. Hata “nakala rudufu” bado hushindana na “bakapu” (na si ajabu, kwa kuwa la pili ni fupi).

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba muhula mmoja wa mwaka wa tatu ufanyike wilayani, si katika maabara ya chuo. Mtihani wake uwe wa vitendo: mtahiniwa akabidhiwe seva iliyozimika ghafla katikati ya kazi, airejeshe kutoka katika nakala rudufu aliyoitengeneza mwenyewe, kisha aandike daftari la makabidhiano. Sehemu ya mahojiano na watumiaji itahiniwe kwa Kiswahili, ingawa shahada yenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Miongoni mwa watahini awemo muuguzi au mhasibu, naye apewe uwezo wa kumfelisha mtahiniwa ambaye maelezo yake hayakueleweka.