Darubini ya Bunduki ya Kuwindia: Itolewapo, Irudi Palepale

Nyati aliyejeruhiwa aghalabu hakimbilii mbali. Huingia kichakani, hugeuka, akasimama akiielekea njia aliyopita mwenyewe, na anayemfuata huja kumwona akiwa umbali wa hatua chache tu. Mnyama huyo aweza kukimbia kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo mita 20 humalizika katika sekunde moja na nusu. Hapo ndipo darubini iliyomfaa mwindaji asubuhi, alipokuwa akilenga kutoka mbali mbugani, hugeuka kuwa kizuizi mbele ya jicho lake.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Darubini inayokuza mara sita huonyesha eneo lenye upana wa mita 6 hivi kwenye umbali wa mita 100. Kwenye umbali wa mita 10 upana huo hupungua ukawa sentimita 60. Anayetazama haoni pembe, wala bega, wala upande ambao mnyama anaelekea. Huona kipande cha ngozi nyeusi, tena kwa ukungu. Pengine mvua imenyesha na lenzi zina matone, au mwindaji ameanguka na darubini imegonga jiwe. Katika hali zote hizo ni heri kuiondoa darubini na kutumia vilengeo vya chuma vilivyo juu ya mtutu.

Kwa ajili hiyo mafundi wa bunduki walibuni vishikilio vinavyowezesha darubini kutolewa kwa mkono, bila bisibisi, na kurudishwa tena. Wauzaji husifu upesi wa kuitoa. Lakini haraka haraka haina baraka. Hakuna mwindaji atakayepata nafasi ya kung'oa darubini nyati akiwa amekwisha kuinamisha pembe. Darubini hutolewa kabla ya kuingia kichakani, watu wakiwa wametulia, na kwa kazi hiyo nusu dakika yatosha. Sifa ya kishikilio chema ni nyingine: darubini irudishwapo ikae palepale ilipokuwa, hata risasi iende palepale ilipokuwa ikienda.

MFANO WA JESHINI

Askari wa zamani wa Afrika Mashariki wanaikumbuka bunduki ya Lee-Enfield Namba 4. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walichagua zile zilizopiga vizuri kuliko nyingine, wakazitengeneza kwa ajili ya walenga shabaha. Kuanzia mwaka 1942 kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa Holland & Holland, watu waliokuwa wakitengeneza bunduki za kuwindia. Ubavuni upande wa kushoto waliweka vikalio viwili vya chuma, na darubini Namba 32 ilifungwa hapo kwa skrubu mbili kubwa zinazozungushwa kwa vidole. Katika mwendo mrefu askari aliweza kuitoa na kuihifadhi katika mkebe wake wa bati. Vilengeo vya chuma vilibaki kwenye bunduki, tayari kutumika.

Jambo la kuzingatia ni hili: namba ya darubini ilipigwa mhuri juu ya mti wa kitako cha bunduki yake. Darubini na bunduki vilikuwa chanda na pete, na haikuruhusiwa kuchanganya. Kila kishikilio kilikuwa kimesawazishwa kwa mkono ili kikae sawasawa juu ya vikalio vya bunduki ile moja tu. Mwindaji wa leo hana budi kufuata kanuni hiyohiyo. Darubini iliyorekebishwa kwenye bunduki moja haihamishiwi kwenye nyingine bila kurekebishwa upya.

AINA ZINAZOPATIKANA

Ya kwanza ni kishikilio cha makucha, kazi ya mafundi wa Ujerumani na Austria. Makucha ya mbele huingizwa katika matundu ya kikalio, kisha sehemu ya nyuma hushushwa na kunaswa na komeo dogo lenye springi. Kikifungwa na fundi stadi, hiki hurudi palepale kwa miaka mingi. Ila gharama yake ni kubwa, kwa kuwa kila kucha hupigwa tupa kwa mkono mpaka likae sawa, na mara nyingi huiinua darubini juu mno, hata shavu la mpigaji likakosa mahali pa kuegemea.

Ya pili ni kishikilio cha kuzungusha. Mguu wa mbele huingia ndani ya kikalio na kuzungushwa robo ya duara, kisha mguu wa nyuma hufungwa kwa wenzo. Hiki pia chatoka kwa Wajerumani, nacho hukaa imara kikifungwa vema.

Ya tatu ni ya ubavuni. Bamba la chuma hukazwa upande wa kushoto wa mwili wa bunduki, na darubini huteleza juu yake na kubanwa kwa nyenzo mbili. Kampuni ya Griffin & Howe ya New York ilijipatia jina kwa aina hii tangu miaka ya 1920. Faida yake ni kwamba darubini ikishatoka, juu ya bunduki hakubaki kitu cha kuziba vilengeo.

Ya nne, ambayo leo ni nyepesi kupatikana na kwa bei ya wastani, ni pete zenye nyenzo ndogo zinazobana juu ya vikalio viwili. Talley, Warne na Leupold ni miongoni mwa majina yanayojulikana. Baadhi ya bunduki zimeleta nafuu zaidi: ZKK 602 ya Brno, na CZ 550 iliyoifuata, zimechongwa vikalio kwenye chuma chenyewe cha mwili wa bunduki, bila skrubu inayoweza kulegea. Bunduki hizo za Kicheki zimefanya kazi kubwa mikononi mwa wawindaji wa Afrika Mashariki.

UNENE WA KARATASI MOJA

Kwa nini jambo dogo kama kukaa palepale lisumbue watu kiasi hiki? Hesabu itaonyesha. Tuseme miguu miwili ya darubini imeachana kwa sentimita 10. Mchanga ukiingia chini ya mguu mmoja ukauinua kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya kawaida ya ofisini, risasi itakosea kwa sentimita 10 kwenye umbali wa mita 100, na kwa sentimita 20 kwenye mita 200. Mnyama aliyelengwa moyoni atapigwa tumboni, na taabu ya kumfuata kichakani itakuwa imeanza.

Tena bunduki kubwa ina teke. Bunduki ya kaliba .375 yenye uzito wa kilo 4 na zaidi hurudi nyuma kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde. Darubini, kama abiria wa lori linaloondoka ghafula, hutaka kubaki ilipokuwa. Kwa hiyo kila pigo huivuta kuelekea mbele ya bunduki. Kishikilio kinachotegemea msuguano peke yake kitateleza siku moja. Kilicho chema kina jino au ukuta wa chuma unaoizuia darubini isiende mbele. Mwenye bunduki naye, airudishapo, aisukume mbele mpaka iguse ukuta huo, ndipo akaze nyenzo, na kila mara azikaze kwa nguvu ileile.

YA KUKAGUA KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, atazame kama bunduki ina vilengeo vya chuma, na kama vinaonekana vizuri darubini ikiwa imetolewa. Viko vikalio virefu vinavyoziba kilengeo cha nyuma. Kununua hivyo ni kutupa fedha, maana darubini ikitoka hakuna cha kulengea. Vilengeo hivyo navyo virekebishwe kwa risasi zilezile zitumiwazo na darubini.

Pili, ajue unene wa bomba la darubini. Nyingi zina milimita 25.4 au 30, na baadhi ya zile kuukuu za Ujerumani zina milimita 26. Pete ya 25.4 ikilazimishwa juu ya bomba la 26 hulibonyeza na kuliharibu.

Tatu, aone kama mkono wa komeo unainuka bila kugonga darubini. Mauser ya jeshi, iliyotokana na ile ya mwaka 1898, ina mkono unaopanda juu sana, na kufuli yake ya usalama huzunguka juu ya komeo. Vyote viwili hugombana na darubini iliyowekwa chini, basi hapana budi fundi avibadilishe kwanza.

Nne, apime nafasi kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Kwa bunduki yenye teke kubwa isipungue sentimita 9. Walio wengi wenye kovu juu ya nyusi walipuuza jambo hili.

Tano, skrubu za vikalio ziwe nene. Zenye upana wa milimita 4.2 zinavumilia kuliko zile za 3.5. Matundu yake yafutwe mafuta kabla ya kukazwa, na chini ya kikalio pasibaki mafuta wala kutu.

KUIJARIBU BILA KUTEKETEZA RISASI

Risasi za bunduki kubwa ni ghali. Jaribio la kwanza lafaa kufanywa bila kupiga hata moja. Mwenye bunduki ahakikishe kwamba haina risasi, alitoe komeo, ailaze bunduki juu ya mifuko ya mchanga hata itulie, kisha atazame ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka aone alama fulani iliyo mbali, kama jiwe jeupe. Aurekebishe msalaba wa darubini ukae juu ya jiwe hilo. Ndipo aitoe darubini, airudishe, atazame tena kwanza mtutuni, kisha katika darubini. Msalaba ukiwa umehama, kishikilio kina kasoro, na muuzaji arudishiwe mali yake.

Kikishinda hapo, kipelekwe uwanja wa shabaha. Zipigwe risasi tatu kwenye mita 100. Darubini itolewe na kurudishwa, zipigwe tatu nyingine. Ifanywe hivyo mara ya tatu. Makundi yote matatu yakikaa pamoja, au yakiachana kwa sentimita 3 tu, kishikilio hicho chaaminika kwa kazi ya mwituni. Yakitawanyika kwa kiganja kizima, hakuna maneno ya muuzaji yatakayoyakusanya. Mwisho, zipigwe tatu kwa vilengeo vya chuma kwenye mita 50, maana hizo ndizo za siku ya shida.

SHERIA NA NYUMBANI

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania iliusimamisha mwaka 1973 na kuuruhusu tena mwaka 1978. Uganda ilianza jaribio la kuurejesha mwaka 2001, karibu na Ziwa Mburo. Popote unaporuhusiwa hauendeshwi ila kwa kibali, na bunduki haimilikiwi ila kwa leseni. Nchini Uganda Sheria ya Silaha ni ya mwaka 1970. Bunduki ya serikali haitobolewi tundu wala kufungwa darubini kwa hiari ya askari, wala si ya kuwindia.

Nyumbani, darubini iliyotolewa yataka mahali pake: mkoba mgumu, mkavu, wenye kitambaa laini cha kufutia lenzi, na miguu ya kishikilio ifunikwe isiingie vumbi. Watoto huvutiwa nayo kuliko hata bunduki yenyewe, kwa kuwa huona kitu cha kutazamia ndege na mwezi. Wafundishwe mapema kwamba kulitazama jua kupitia darubini huunguza jicho, na jicho lililoungua hivyo laweza lisipone. Bunduki ifungiwe mbali na wao, komeo lake mahali pengine, na risasi mahali pa tatu. Mama wa nyumba ajue ufunguo uko wapi, watoto wasijue.

Si kila mwindaji anahitaji kishikilio cha kutolewa. Apigaye swala katika uwanda ulio wazi atatosheka na darubini iliyofungwa moja kwa moja. Wengine hupenda darubini ndogo, inayoanzia ukuzaji wa mara moja au moja na nusu, wakaiacha mahali pake hata kichakani. Bali askari wa wanyamapori anayeitwa kijijini kumwondoa nyati aliyeua mtu, na mwindaji anayewaongoza wageni, hao hawachagui umbali. Mnyama ndiye anayewachagulia. Kwao yafaa bunduki yenye macho mawili, la mbali na la karibu, na yote mawili yawe yamejaribiwa kabla ya siku yenyewe.