Soka, Kandanda au Mpira?

Wenzangu, kila tukibishana uwanjani, awe ni wa Kitale au wa Bungoma, hakosi anayedai ati "soka" ni neno la Wamarekani. La hasha! Lilizaliwa Uingereza. Chama cha kandanda kiliundwa London mwaka 1863. Waliopenda kubeba mpira mikononi wakajitenga, na mwaka 1871 wakaunda chama cha raga. Ikabidi michezo hiyo itofautishwe, ndipo wanafunzi wa Oxford wakalikatakata neno "asosiesheni", likawa soka. Wamarekani walilishika tu, maana futiboli yao ni ile ya kubeba.

Sisi je? Tuliuita kwa kifaa chake: mpira, ile raba yenyewe. Waganda husema omupiira, Wabukusu kumupira. Anayenikosoa nikiandika "soka" aanze na Waingereza, jamani!