Masizi ya paa yanavyofichua siri ya nyumba za kale Uingereza

NYUMBA nyingi za kale za wakulima nchini Uingereza ziligawanywa baadaye ili zikaliwe na familia kadhaa. Mojawapo ni ya ukoo wa Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, huko Shottery, iliyonunuliwa mwaka 1892 ili ihifadhiwe.

Awali, nyumba hizo za fremu za mbao zilikuwa na ukumbi usio na dari. Moto ulikokwa katikati ya sakafu, moshi ukapanda hadi paani. Masizi yaliyobaki kwenye mbao za paa huthibitisha kwamba makazi yaliyotenganishwa leo kwa kuta yalikuwa ukumbi mmoja.

Mwenye nyumba akiziondoa mbao hizo, ushahidi hupotea. Kwa jengo lililoorodheshwa, kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1990.