Mashine ya Kung'arisha Rangi ya Gari Katika Jua na Vumbi la Modogashe

Magari yanayofanya kazi Modogashe, mji ulio pale ambapo barabara ya kutoka Garissa huungana na ile inayotoka Isiolo kwenda Wajir, hupoteza mng'ao mapema, na sababu zake ni mbili zinazosaidiana: jua la karibu na ikweta, ambalo miale yake ya urujuanimno huvunja taratibu viambato vinavyoshikilia rangi, na vumbi la barabara za changarawe, ambalo lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi yenyewe. Katika kiangazi cha jilaal, kati ya Januari na Machi, maji yanapokuwa haba, dereva hupangusa boneti kwa kitambaa kikavu, na kitambaa hicho huziburuta chembe hizo juu ya rangi na kuacha mikwaruzo myembamba ambayo huonekana kama miduara gari linapomulikwa na jua.

Kabla ya kununua mashine, mwenye gari hana budi kuelewa kwamba kung'arisha ni kupunguza rangi, wala si kuiongeza. Juu ya bati la gari la kisasa kuna praima, kisha rangi, kisha vanishi angavu ambayo mafundi huiita klia. Matabaka hayo yote kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu moja ya milimita, na klia peke yake huwa takriban mikroni 35 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele. Mkwaruzo huondoka pale tu klia iliyouzunguka inaposagwa hadi kulingana na kina chake. Kwa kuwa klia hiyo hiyo ndiyo inayokinga rangi dhidi ya jua, kila mikroni inayosagwa ni kinga iliyopotea, na gari lililotumika Japani kabla ya kuingizwa Kenya huenda lilikwisha kung'arishwa huko mara kadhaa bila mnunuzi kujua. Baadhi ya magari meupe ya kazi hayana klia kabisa, na hayo hutambulika kwa kusugua mahali padogo kwa polishi na kitambaa cheusi: kitambaa kikishika weupe, kinachosagwa ni rangi yenyewe. Pale ambapo klia imeanza kubanduka vipande vipande, hakuna mashine itakayoirudisha, na gari hilo ni la fundi wa kupaka rangi upya.

Mashine zenyewe ni za aina mbili. Ile ya mzunguko mmoja hugeuza sponji kwenye mhimili usiosogea, husaga haraka, na kwa sababu hiyo hukusanya joto mahali pamoja, hasa kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti ambako rangi ni nyembamba, kiasi kwamba mkono usiozoea waweza kuifikia praima kwa sekunde chache. Ile ya mizunguko miwili huizungusha sponji huku ikiiyumbisha nje ya mhimili wake, hivyo joto husambaa, na katika aina iliyo ya kawaida zaidi sponji huacha kuzunguka inapokandamizwa kupita kiasi, jambo ambalo humwokoa anayejifunza. Kwa mwenye gari wa kawaida, mashine hii ya pili yenye sponji ya inchi 5 au 6 ndiyo ya kuchagua, hata kama kazi itachukua muda mrefu zaidi. Jambo la kukatazwa kabisa ni kufunga sponji kwenye grainda ya kukatia vyuma, kwa maana grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya mzunguko mmoja hufanyishwa kazi kwa mizunguko isiyozidi 2,000 hivi. Mnunuzi aangalie pia volti, kwa sababu mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani hutumia umeme wa volti 100 hadi 120, nayo itaungua ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za Kenya. Anayetegemea jenereta ahakikishe kwamba nguvu yake inazidi kwa mbali wati zilizoandikwa kwenye mashine.

Gari lisipooshwa vizuri, sponji itageuka kuwa msasa. Maji machache yanatosha yakigawanywa katika ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, na kwa kuwa maji ya visima vingi vya kaskazini mashariki yana chumvi, mwili wa gari ukaushwe papo hapo kabla ya madoa kushika. Kazi ifanywe alfajiri au chini ya paa, bati likiwa baridi kwa mguso wa mkono, kwani kwenye bati la moto kompaundi, yaani dawa yenye chembe za kusagia, hukauka kabla ya kumaliza kazi yake. Kazi ianze kwa sponji laini na dawa isiyo kali katika eneo la nusu mita kwa nusu mita, mashine ipitishwe polepole mara nne hadi sita kwa njia zinazokatana, na dawa kali itumike tu ikiwa ile laini imeshindwa. Mstari uliochorwa kwa kalamu ya wino pembeni mwa bamba linaloshika sponji humwonyesha mtumiaji kama sponji bado inazunguka. Sponji ikianguka chini ioshwe au ibadilishwe, hata kama inaonekana safi.

Baada ya hapo hupakwa nta au dawa ya kuziba, ambayo huchakaa kwa jua na kuhitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache. Kifaa cha kupima unene wa rangi hakipatikani kwa kila fundi, lakini kikipatikana, vipimo vya boneti, paa na milango viandikwe pamoja na tarehe na kuwekwa ndani ya gari, ili fundi atakayelishika baadaye ajue rangi iliyobaki. Pasipo kifaa hicho, mikwaruzo yenye kina inayonasa ukucha iachwe ilivyo, maana kuifuata hadi chini ni kuimaliza klia.