Kamera ya usalama kwa afisi ndogo: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Kutoka Mtwapa hadi Malindi, kamera za CCTV sasa zinaonekana hata katika afisi za chumba kimoja: kwa wakala wa M-Pesa, kwa wakili, kwenye duka la dawa, katika kliniki na katika afisi ya chama cha akiba na mikopo. Sababu kubwa ni bei. Kamera moja ya ndani inayotumia Wi-Fi hupatikana kwa shilingi elfu chache, na mwenye afisi anaweza kuifunga mwenyewe bila kuita fundi.

Hata hivyo, rahisi huwa ghali iwapo siku ya wizi itafika na picha ionyeshe kofia bila uso, au mwizi aondoke na kamera pamoja na rekodi yake. Isitoshe, anayeweka kamera katika afisi huwa anakusanya taarifa za watu, na sheria za Kenya zina masharti kuhusu jambo hilo. Wakazi wanaopanga kununua kamera wanashauriwa kuyapima mambo yafuatayo kabla ya kutoa pesa.

Kamera ijibu swali gani?

Kabla ya kuulizia bei, mwenye afisi aamue ni swali gani anataka kamera imjibu siku ya tatizo. Je, ni nani aliyeingia baada ya saa za kazi? Ni nani aliyefungua droo ya pesa? Mteja anayedai alipewa pesa pungufu alihesabiwa kiasi gani? Kila swali lina mahali pake pa kuweka kamera. La kwanza linajibiwa mlangoni, na mawili yaliyosalia yanajibiwa kwenye kaunta.

Kwa afisi ya chumba kimoja, kamera moja au mbili hutosha. Mara nyingi kamera mbili za bei ya chini, moja ikielekea mlango na nyingine kaunta, hufaa zaidi kuliko moja ya bei ghali iliyowekwa kwenye kona ili ione kila kitu. Kamera inayoona chumba kizima aghalabu haioni uso wa mtu yeyote vizuri.

Uso utambulike

Kamera nyingi za bei nafuu huandikwa 1080p kwenye kasha. Maana yake ni kwamba picha ina nukta, yaani pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, ambazo kwa jumla ni takriban milioni 2. Ndiyo maana kamera hizo pia huitwa za megapikseli 2.

Nukta hizo hugawanywa katika eneo lote ambalo kamera inaona. Toleo la mwaka wa 2014 la kiwango cha kimataifa cha kamera za usalama, IEC 62676-4, lilipendekeza angalau pikseli 250 kwa kila mita moja ya upana ili mtu asiyejulikana aweze kutambuliwa kwa uso. Ukigawa 1,920 kwa 250, unapata upana wa mita 7.7 hivi. Lenzi yenye upana wa nyuzi 110 hufikia upana huo mtu akiwa chini ya mita 3 kutoka kwenye kamera. Akiwa mbali zaidi, picha itathibitisha kwamba mtu alipita na pengine rangi ya shati lake, lakini huenda isitoshe kumtambua.

Kamera ya megapikseli 4, yenye pikseli 2,560 kwa upana na lenzi ya aina hiyohiyo, husogeza umbali huo hadi mita 3.6 hivi. Ni nyongeza, ila si kubwa kama bei inavyoweza kumfanya mnunuzi adhani. Kuisogeza kamera karibu na mlango hakugharimu chochote.

Urefu wa kuiweka pia ni muhimu. Kamera iliyofungwa darini huona vichwa na kofia. Mita 2 hadi 2.5 kutoka sakafuni hutosha: mkono wa mpita njia hauifikii kwa urahisi, na uso bado unaonekana. Kamera isielekezwe moja kwa moja kwenye mlango ulio wazi unaopigwa na jua la mchana, kwa kuwa anayeingia ataonekana kama kivuli. Ikiwa hakuna mahali pengine, mnunuzi aulizie kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kiza, ambao huandikwa WDR kwenye kasha.

Usiku, kamera hizi hutumia mwanga usioonekana kwa macho na kutoa picha nyeusi na nyeupe. Mwanga huo ukigonga kioo hurudi na kuifunika picha, kwa hivyo kamera isiwekwe ndani ya dirisha ili kulinda barabara. Kamera ya ndani pia isitolewe barazani: haikutengenezwa kustahimili mvua wala hewa ya chumvi ya pwani.

Rekodi itakaa wapi?

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi wengi husahau. Kuna njia tatu: kadi ya memori ndani ya kamera yenyewe, mashine ya kurekodi iliyowekwa mahali tofauti, au hifadhi ya mtandaoni inayolipiwa kila mwezi.

Kadi ya memori ndiyo rahisi zaidi, na hesabu yake si ngumu. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 10.8 kwa siku. Kadi ya gigabaiti 64 itajaa kabla ya siku 6 kwisha, na ya gigabaiti 128 kabla ya siku 12. Ikijaa, kamera hufuta rekodi za zamani na kuandika mpya juu yake. Picha ikiwa bora zaidi na kasi ikafika megabiti 2, siku hizo hupungua kwa nusu. Kamera ikitegwa irekodi tu inapoona kitu kikisogea, siku huongezeka.

Tatizo la kadi ni moja: mwizi akiibeba kamera, ameubeba na ushahidi. Mashine ya kurekodi huondoa hatari hiyo mradi ifungiwe kwenye kabati, mbali na macho ya wageni. Mashine iliyowekwa wazi chini ya runinga huondoka pamoja na runinga.

Hifadhi ya mtandaoni haiibiwi afisini, lakini ina gharama mbili. Ya kwanza ni ada ya kila mwezi. Ya pili ni bando. Kamera inayotuma picha saa zote kwa kasi ya megabiti 1 hutumia takriban gigabaiti 324 kwa mwezi. Kwa afisi inayonunua bando za kawaida za simu, hilo haliwezekani. Kwa wengi, njia nafuu ni kuchanganya: kadi ya memori irekodi saa zote, na mtandaoni zitumwe video fupi tu za mwendo ulioonekana baada ya saa za kazi.

Kadi yenyewe iwe ya kurekodi mfululizo, kwani kadi ya kawaida huchoka haraka ikiandikwa usiku na mchana. Mwenye afisi afungue rekodi angalau mara moja kwa wiki kuhakikisha kwamba kadi ingali inafanya kazi.

Stima na mtandao

Stima ikipotea, kamera nyingi za ndani hulala, nazo saa za giza ndizo zinazohitaji ulinzi zaidi. Kwa bahati nzuri, kamera nyingi za aina hii hutumia chaja ya volti 5 kama ya simu. Benki ya chaji ya mAh 10,000 inaweza kuendesha kamera inayotumia wati 5 kwa takriban saa sita. Mnunuzi athibitishe kwamba benki hiyo inaweza kuchajiwa na kutoa stima kwa wakati mmoja, na kwamba haijizimi stima inapokatika.

Kifaa cha Wi-Fi nacho kinahitaji stima ya akiba. Kikizima, kamera yenye kadi itaendelea kurekodi, lakini simu ya mwenye afisi haitapokea tahadhari yoyote. Kamera nyingi za bei nafuu hutumia Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz pekee, kwa hivyo ni vyema kuhakikisha kwamba kifaa cha afisini kinatoa masafa hayo.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe

Mnamo 2016, programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka idadi kubwa ya kamera na vifaa vya Wi-Fi duniani kwa njia rahisi mno: ilijaribu nywila zilizowekwa na viwanda, ambazo wenye vifaa hawakuwa wamezibadilisha. Mnamo Oktoba mwaka huo, vifaa hivyo vilitumiwa kushambulia kampuni ya Dyn, na tovuti nyingi maarufu nchini Marekani zikakosa kufikika kwa saa kadhaa.

Kamera ya afisi ndogo inaweza kutekwa vivyo hivyo. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, na isiwe ile inayotumiwa kwenye Wi-Fi ya wateja. Programu ya kamera iboreshwe kila toleo jipya linapotoka. Mfanyakazi akiondoka, aondolewe kwenye orodha ya wanaoweza kuitazama kamera kwa simu. Kamera ya mtumba ifutwe mipangilio yote ya mwenyewe wa awali kabla ya kuunganishwa.

Kamera ya afisi si ya siri

Watu wengi huziita CCTV “kamera za siri”. Kwa afisi inayohudumia umma, jina hilo linapotosha. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe. Picha ya uso wa mteja ni taarifa yake binafsi.

Kwa hivyo, tangazo linaloonekana liwekwe mlangoni likieleza kwamba kuna kamera, sababu ya kuwepo kwake, nani anayeisimamia na namna ya kuwasiliana naye. Kamera isiwekwe msalani, mahali pa kubadilishia nguo wala kwenye chumba ambacho mgonjwa anapimwa. Isielekezwe pale inapoweza kusoma nambari ya siri ambayo mteja anabonyeza kwenye simu. Kipaza sauti kizimwe ikiwa hakuna sababu ya kurekodi mazungumzo, kwa kuwa sheria inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu. Sheria haikutaja idadi ya siku za kuhifadhi rekodi, bali inasema zisikae kupita muda unaohitajika. Mwenye afisi aweke muda wake na aufuate.

Kuna sharti jingine ambalo linaweza kuwashangaza wenye biashara ndogo. Kanuni za usajili za mwaka wa 2021 zinaziondolea wajibu wa kujisajili biashara zenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Hata hivyo, nafuu hiyo haiwahusu wanaoendesha mifumo ya CCTV kwa ajili ya usalama. Hao wanatakiwa kujisajili kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, maarufu ODPC. Kwa mujibu wa kanuni hizo, ada kwa biashara ndogo ni shilingi 4,000, na cheti hudumu kwa miezi 24. Gharama hii iingizwe kwenye bajeti ya kamera tangu mwanzo, kwani faini ambayo Kamishna anaweza kutoza kwa kukiuka sheria hufikia shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi chochote kilicho kidogo.

Wizi ukitokea

Rekodi isiyo na saa sahihi huzua maswali mahakamani. Saa ya kamera iwekwe kwa wakati wa Nairobi na ikaguliwe mara kwa mara, hasa baada ya stima kupotea.

Wizi ukitokea, kadi itolewe mara moja au kurekodi kusimamishwe ili video isifutwe na rekodi mpya. Tukio liripotiwe katika kituo cha polisi na nambari ya OB ichukuliwe. Wachunguzi wapewe nakala, na iandikwe ni nani aliyeitoa, aliyeipokea na saa ngapi. Video isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu anayeonekana ndani yake huenda si mwizi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kilichotiwa saini na anayehusika na kifaa, kikieleza jinsi rekodi hiyo ilivyotolewa. Mwenye afisi asishangae akiombwa cheti hicho.

Iwapo kamera yenyewe imeibwa ikiwa na rekodi za wateja, na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu jambo hilo kujulikana.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aombe kamera iwashwe dukani, asimame mita 3 mbele yake na kutazama uso wake kwenye simu, taa zikiwaka na zikizimwa. Aulize kadi ya ukubwa gani inakubalika, ikiwa kamera inarekodi bila kulipia mtandao, na waranti ni ya muda gani. Achukue risiti. Kisha ajumlishe bei ya kamera, kadi, benki ya chaji, ada ya usajili na bando. Jumla hiyo ndiyo bei halisi ya kamera.

Mkazi anayeamini kwamba picha zake zimetumiwa vibaya, awe mteja au mfanyakazi, anaweza kuwasilisha malalamishi kwa ODPC. Sheria inataka malalamishi hayo yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.