Ulevi Kisii na Nyamira: Chungu kimoja, madhara mbalimbali

ZAMANI miongoni mwa Abagusii, pombe ya nafaka iitwayo amarwa ilikuwa kinywaji cha wazee. Waliketi wakakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakajadili mahari, mipaka ya mashamba na ugomvi wa majirani. Kijana hakuthubutu kuukaribia mrija huo bila idhini.

Utaratibu huo ulivunjika kitambo. Katika vijiji vya Kisii na Nyamira, busaa, chang'aa, pombe za chupa za bei nafuu na bangi sasa humfikia yeyote mwenye shilingi chache mfukoni. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba ulevi huwadhuru watu wote kwa namna moja.

Tuanze na vijana. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi mtu akaribiapo umri wa miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile inayomwezesha kupima hatari na kujizuia. Ndiyo maana anayeanza kulewa akiwa mwanafunzi huwa rahisi kunaswa na uraibu kuliko anayeanza akiwa mtu mzima. Naye mhudumu wa bodaboda anayeteremka vilima akiwa amelewa huyahatarisha pia maisha ya abiria asiyeonja hata tone.

Kwa wanawake, maumbile yenyewe huongeza hatari. Mwili wa mwanamke huwa na maji machache kuliko wa mwanamume mwenye uzito sawa, hivyo kiasi kilekile cha pombe humlemea zaidi. Akiwa mjamzito, pombe humfikia mtoto tumboni na yaweza kumwachia ulemavu wa akili wa maisha.

Lakini wapo pia wanawake wanaoathirika kwa kuipika. Chang'aa hutengenezwa kwa nafaka na sukari nguru, na wapishi wengi ni kina mama, wakiwemo wajane, wanaosaka karo. Mama huyo hukesha motoni akivuta moshi, huishi kwa hofu ya polisi, na watoto wake hulala pembeni mwa walevi. Karo ya mwanawe hutoka katika mfuko wa baba ambaye huenda wake amefukuzwa shuleni kwa kukosa karo.

Wazee nao hawajasalimika. Ini la mtu mwenye umri mkubwa huchelewa kuisafisha pombe, na kinywaji hicho huweza kuvuruga dawa za kisukari na za shinikizo la damu.

Kisha kuna wasiokunywa kabisa. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 650. Mahali ambapo shamba ni dogo kiasi hicho, baba anayeuza kipande cha ardhi au kukodisha majani chai yake ili alipe deni la pombe huwapokonya wanawe urithi.

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, iliyopewa jina la utani 'Sheria ya Mututho', iliruhusu chang'aa iliyotengenezwa na kupakiwa kwa leseni, ikapiga marufuku kuwauzia watoto wa chini ya miaka 18 na kuzuia baa kuwa chini ya mita 300 kutoka shuleni. Chang'aa ya vichakani ilibaki haramu, na hatari yake ni kubwa. Mnamo Novemba 2000, pombe iliyochanganywa na methanoli iliwaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine. Anayeona ukungu machoni baada ya kunywa akimbizwe hospitalini bila kusubiri asubuhi.

Misako pekee haitoshi. Kumwaga pombe ya mjane bila kumwonyesha njia nyingine ya kupata riziki ni kumrudisha motoni wiki ijayo. Mwanafunzi anahitaji ushauri mapema kabla ya kufukuzwa shule. Naye mlevi wa miaka mingi asilazimishwe kuacha ghafla nyumbani, kwani anaweza kupatwa na kifafa na hata kufa. Apelekwe kwa daktari. Mamlaka ya NACADA hutoa ushauri bila malipo kupitia nambari 1192.

Wazee wa kale walijua nani anywe na nani asinywe. Wa leo nao hawana budi kujua nani anaumia, na vipi, kabla ya kuamua tiba.